Mume Asiyesimanga: Mwongozo kwa Mwanamume Mkristo Aliyeoa

Maadamu umekwisha kufunga ndoa kanisani, mkavishana pete mbele ya padri au mchungaji, wasimamizi wakatia saini zao chini ya zenu, na jamaa wa pande mbili wakala pilau wakarudi makwao, yafaa ujue kwamba yote uliyoyatenda hata siku ile yalikuwa mepesi. Mahari ulichangiwa na wajomba, suti ulichaguliwa na rafiki, na maneno ya agano uliyafuatisha kinywani mwa mtu mwingine. Kazi inayoanza baada ya hapo haina mchango wala kamati, nayo ni kumpenda mtu mmoja kila siku, awe mzima au mgonjwa, kwa upendo ambao nafsi yako haiketi katika kiti cha mbele. Nawaandikia wanaume kwa sababu wao ndio waliosahauliwa katika mafunzo haya. Bibi harusi alikuwa na kungwi wake, na mashangazi, na kina mama wa kanisani waliomfunda kwa majuma mazima, ilhali wewe, ukiacha siku chache za mafundisho ya ndoa, aghalabu uliambiwa maneno mawili tu: uwe mwanamume, na usimpe mwanamke siri zako zote.

Tuanze na ukuu wa mume, kwa kuwa ndio unaowatatiza wengi. Waraka wa Paulo kwa Waefeso, sura ya 5, una aya ya 22 iwapasayo wake, na wako waume wanaoijua aya hiyo kuliko wanavyojua majina ya walimu wa watoto wao. Walakini ifungue Biblia uisome sura yote bila haraka. Utaona kwamba agizo la kunyenyekeana limetangulia katika aya ya 21, nalo limewaelekea wote. Utaona tena kwamba wake wamepewa aya 3, na waume wamepewa maneno yanayoanzia aya ya 25 na kuendelea karibu hadi mwisho wa sura, na kipimo walichowekewa ni Kristo alivyojitoa kwa ajili ya Kanisa. Naye alijitoa hata kufa. Kwa hiyo mume anayedai cheo cha kichwa kwa hoja ya waraka ule amedai, pengine bila kujua, haki ya kuwa wa kwanza kuumia, wa kwanza kuomba radhi, na wa mwisho kupakuliwa chakula kinapopungua.

Yohane Krisostomo, aliyehubiri Antiokia, akawa askofu wa Konstantinopoli, akafa mwaka 407, aliieleza sura hii kwa waumini wa zama zake, na maelezo yake hayajachuja. Alikuwa mtawa asiyeoa, na ungedhani hana la kuwaambia wenye wake. Kumbe aliona kuliko wengi wao. Aliwaonya waume wasitumie vitisho nyumbani, akiwakumbusha kuwa hata mtumwa hofu haimshiki siku zote, seuze mwenzi wa maisha na mama wa watoto, na kwamba mwanamume anayeishi na mkewe kama mjakazi hana raha yoyote anayoivuna kwake. Pwani yetu, ambayo soko lake la watumwa pale Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, yajua maana ya onyo hilo bila kufafanuliwa.

Waume wakorofi kabisa, wasiotoa kitu, sitawasemea hapa, kwa kuwa hao hawasomi miongozo. Nasema na wewe unayetoa. Unalipa ada za shule, unanunua dawa, umejenga au umepanga nyumba isiyovuja, na huenda viatu vyako vimechakaa kwa sababu vya watoto vilitangulia. Hayo ni mema, na Mungu ayaona. Lakini sikiliza yanayotoka kinywani mwako siku ya ugomvi. Ulikuja hapa na begi moja. Nani alikuwa akikujua kabla sijakuoa? Mama yako alipolazwa, bili alilipa nani? Neno moja la namna hiyo hubatilisha hisani ya miaka mingi, kwa kuwa ladhihirisha kwamba ulichokiita zawadi kilikuwa deni, na kwamba hesabu yake ulikuwa ukiiweka siku zote. Mke aliyesimangwa haisahau siku ile. Ataendelea kupika, kufua na kukuitikia, walakini tangu hapo kila akipokeacho mkononi mwako atajiuliza kwanza kitadaiwa lini.

Tena masimango yana sura nyingine zisizo na sauti. Kuna kuhesabu noti moja moja huku uso umekunjwa. Kuna kungoja uombwe mara tatu ndipo utoe, ili mwombaji aonje uombaji wake. Kuna mzaha mbele ya wageni, kwamba mama huyu angemaliza hazina ya serikali. Na iko aina iliyo nyembamba kuliko zote, inayowapata hasa wacha Mungu, nayo ni kujinyima kwa namna ambayo kila mtu ataona kwamba umejinyima: kukataa nyama mezani kwa sauti, kuvaa shati lililotatuka kwenda ibadani, kusimama katika jumuiya na kushuhudia jinsi unavyomvumilia mkeo. Mtu huyo amejitoa kweli, ila amejitoa kwa ajili ya sifa zake mwenyewe.

Tiba huanza mahali padogo, nami ningekushauri uanzie mezani. Katika nyumba nyingi za kwetu kuku akichinjwa firigisi ni ya baba, na hakuna mtoto athubutuye kuinyoshea mkono. Huko Muheza, upande wa Magila ambako wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliweka kituo chao katika karne ya 19, namfahamu mzee mmoja, fundi seremala, ambaye kila kuku akipikwa kwake huletewa firigisi juu ya kisahani peke yake. Huikata kwa kisu mapande mawili, moja kubwa na moja dogo, kisha lile kubwa hulisukuma upande wa pili wa sinia. Siku niliyokuwa mgeni wao mkewe aliona haya, akasema, "Baba watoto, mbele ya mgeni? Kula wewe, ndiyo yako." Mzee akajibu bila kuinua uso, "Ndiyo maana naigawa, mama watoto. Ya mwenzangu ningeigawaje?" Kisha akaendelea kuniuliza bei ya mbao za mvule. Hilo la mwisho ndilo la kuiga kuliko hata firigisi yenyewe, yaani kutoa na kuhamia maneno mengine, pasina kungoja shukrani wala kumtupia mgeni jicho kuona kama ameona.

Ukitoka mezani njoo kwenye mshahara. Mkeo ajue unapata kiasi gani, na ajue madeni yako pia, kwa maana mume anayeficha kipato huishia kuwa na nyumba mbili hata kama hana mke wa pili. Fedha ya matumizi iachwe ya juma zima au ya mwezi, kadiri kipato kinavyoingia, mahali mnapopajua nyote wawili. Mwanamke anayeachiwa kila asubuhi fedha ya siku moja hulazimika kuomba upya kila chumvi inapokwisha, na yako mahitaji yake ya mwezi ambayo haya humzuia kuyataja. Wala usikiite chako peke yako kile mlichokichuma pamoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ikiwa hakimu, ambaye hukutana na mume na mke penzi lilipokwisha kufa, ameweza kuona thamani ya ufagio na mwiko, ni aibu kwa mume aliye bado katika mapenzi kutoiona.

Hata hivyo kutoa si mwisho wa unyenyekevu. Lipo tendo gumu zaidi kwa mwanamume, nalo ni kupokea. Katika sura ya 13 ya Injili ya Yohana Yesu anajifunga kitambaa na kuwaosha wanafunzi wake miguu, na mahubiri yote tuyasikiayo humhusu Yeye aoshaye. Mtazame pia Petro aliyekataa kuoshwa. Kukataa kwake kulionekana kuwa taadhima, kumbe ndani yake mlikuwa na ghururi ya mtu asiyetaka kuhudumiwa ila kwa masharti yake. Petro huyo yumo katika waume wengi. Kiwanda hufungwa, au biashara huanguka, na kwa mwaka mzima nyumba hula mshahara wa mke aliye mwalimu au muuguzi, au faida ya genge lake na mikopo ya kikundi cha VICOBA. Na mume, aliyezoea kuwa mpaji, hutoka alfajiri kwenda kukaa kijiweni hata usiku ili asionekane amekaa, au huwa mkali kwa kila jambo ili ukali ushike nafasi ya fedha. Ukifikwa na hayo, pokea, ushukuru kwa kinywa chako, kisha ushike kazi zilizopo. Chota maji, peleka watoto shule, fua. Katika ua wa nyumba ya kupanga, ambako wapangaji sita hutumia bomba moja, mwanamume afuaye nepi asubuhi atasikia vicheko, na hatakosekana wa kusema amelishwa limbwata. Waache waseme, sijapata kusikia limbwata lililomfundisha mtu kukamua nepi.

Nataka kukaa kidogo kwenye huzuni za mke, kwa sababu hapo hata waume wema hukosea. Elkana, ambaye habari zake zimo mwanzoni mwa Kitabu cha Kwanza cha Samweli, alimpenda Hana kwa dhati, na walipokwenda Shilo kutoa dhabihu alimpa fungu lililozidi. Hana hakuwa na mtoto, na mke mwenziwe Penina alimchokoza hata akawa hali chakula. Elkana alipomwona analia alimuuliza kama yeye mumewe hakuwa bora kwake kuliko wana kumi. Wako wanaolisifu swali hilo kwa upole wake. Mimi naona lina kasoro, kwani mke aliomboleza jambo lake, na mume akajiweka yeye mwenyewe kuwa jawabu. Hana hakujibu neno. Aliinuka akaenda kumwambia Mungu.

Kwa hiyo mkeo akilia, funga redio, weka simu mbali, keti, usikilize hata mwisho, wala usiharakishe kumtuliza kwa kutaja mema uliyomtendea. Na kama msiba wenu ni huo huo wa Hana, nenda naye hospitali upimwe wewe kama apimwavyo yeye, maana sababu yaweza kuwa kwa mume, au kwa mke, au kwa wote wawili, na wanawake wasio na idadi wamebeba lawama ya utasa usio wao kwa sababu waume zao waliona fedheha kupimwa. Mawifi wakianza kunong'ona, na mama yako akiuliza mjukuu yuko wapi, jibu liwe lako na lisikike: "Mama, jambo hilo ni letu sote wawili, na wa kuulizwa ni mimi." Ukinyamaza siku hiyo kwa kuogopa kumvunjia mama heshima, basi umemwacha mkeo peke yake mbele ya ukoo mzima.

Katika waume wote wa Maandiko simwoni aliyefika daraja ya Yusufu wa Nazareti. Aliposikia mchumba wake ana mimba, naye akijua si yake, sheria ilikuwa upande wake, na majirani wangalikuwa upande wake; hata hivyo, kabla ya malaika kumjia ndotoni na kumfumbulia siri, alikuwa amekwisha kuazimia kumwacha kwa siri ili asimwaibishe. Angalia utaratibu wa mambo hayo. Huruma ilitangulia ufafanuzi. Wengi wetu tungengoja kwanza tujue kama mwenzetu ana hatia, ndipo tuamue kama tutamsitiri. Na baadaye, alipoambiwa amchukue mtoto na mama yake wakimbilie Misri, aliondoka usiku ule ule. Injili nne zimenakili maneno ya Pilato, ya Herode, hata ya mashetani. La Yusufu halikunakiliwa hata moja.

Jifunze kwake sitara. Kosa la mkeo lisivuke kizingiti cha chumba chenu. Lisifike kwa mama yako, wala kwa rafiki zako, wala katika jumuiya kwa kisingizio cha kuombewa. Mzozo ukiwashinda nyie wawili, wapo wasimamizi wenu wa ndoa, na yupo padri au mchungaji, nendeni pamoja. Mbele ya watoto usimkosoe. Akisimulia habari mbele ya watu na akakosea siku au jina, acha ikosewe. Hakuna atakayedhurika kwa kuambiwa Jumanne badala ya Jumatano.

Wewe nawe utakosa, na hapo ndipo mapenzi ya unyenyekevu hupimwa bila huruma. Uamsho ulioenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, ukafika Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwafanya watu wengi waungame makosa yao waziwazi, na jambo lililowashangaza wazee wa wakati ule kuliko kuimba kwao ni kuwaona wanaume wazima wakiwaomba wake zao msamaha. Mmoja wa wana wa uamsho huo, Festo Kivengere, aliyepata kuwa mwalimu Dodoma kabla ya kuwa Askofu wa Kigezi mwaka 1972, alikuwa akisimulia jinsi alivyokosana na mkewe Mera, akatoka kwenda kuhubiri, na dhamiri ikamsuta hata akaona hana budi kurudi jikoni kwanza, amwombe radhi, ndipo akahubiri. Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, aya ya 7, wafundisha jambo lilo hilo, kwamba mume asiyemheshimu mkewe sala zake huzuiwa. Basi ukiomba radhi, omba kwa kulitaja kosa lenyewe, usiseme tu "nisamehe kama nimekukosea". Usiweke "lakini" nyuma yake. Na kama ulimtukana mbele ya watoto au dada wa kazi, umwombe radhi mbele yao hao hao. Zawadi ya kitenge isiyotanguliwa na maneno si toba, ni faini.

Juu ya faragha ya chumbani nitasema machache. Paulo, katika sura ya 7 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, aliwapa mume na mke mamlaka sawasawa, kila mmoja juu ya mwili wa mwenziwe, na katika zama zile hilo lilikuwa neno zito. Mke aliyechoka, au aliyetoka kujifungua, au asiye na raha siku hiyo, asilazimishwe kwa jina la ndoa.

Wala usidanganywe na unyenyekevu wa ajizi. Kuna mume anayeitikia kila jambo kwa "fanya uonavyo", naye hudhani ni mpole, kumbe amemtwisha mkewe shule, kodi, maradhi na ugomvi wa majirani, akabakiza kwake utulivu. Mapenzi hushauriana, hutoa rai, hukataa pia panapostahili kukataa, na yakikataa hueleza sababu. Na kupiga ni haramu, hakuna rai mbili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania haimpi mume wala mke haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa kipigo. Na mwanamke anayepigwa asiambiwe na mtu yeyote, hasa mtu wa kanisa, kwamba kuvumilia kipigo ndiko kubeba msalaba. Ikiwa umeshampiga mkeo, weka mwongozo huu chini, ukaungame, ukatafute msaada leo.

Limebaki moja, ambalo waume wema hulisahau kwa sababu hawapendi kufikiri kufa. Kanuni za mirathi za kimila zilizotangazwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1963 hazimpi mjane fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Humwachia atunzwe na watoto wake. Kwa hiyo yaweza kutokea kwamba umempenda mkeo miaka thelathini bila kumsimanga hata mara moja, na baada ya arobaini yako ndugu zako wakamsimanga kwa niaba yako, wakiuliza alikuja na nini. Jina lake liandikwe pamoja na lako katika hati ya nyumba na kiwanja. Usiuze wala usiweke rehani nyumba mnayokaa bila ridhaa yake, jambo ambalo Sheria ya Ndoa nayo yakataza. Kisha andika wosia ungali mzima, mbele ya mashahidi kama sheria itakavyo, utaje kila mlichochuma pamoja, uwaambie ndugu zako kwa kinywa chako kwamba umeuandika. Tanzania wosia huweza kuhifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mkeo ajue wosia ulipo, na funguo za kabati lenye hati awe nazo tangu sasa.